Jim Thorpe: Gwiji aliyepokonywa dhahabu akiwa hai, akarejeshewa akiwa kaburini

Usiku wa Septemba 17, 1920, wakuu wa timu kadhaa za kandanda ya Kimarekani walikutana katika duka la kuuzia magari mjini Canton, jimbo la Ohio. Viti havikutosha na baadhi yao wakalazimika kuketi kwenye vibao vya kukanyagia vya magari yaliyokuwa yakisubiri wanunuzi. Kabla ya kutawanyika, walikuwa wameunda muungano wa timu za kulipwa na kumteua rais wake wa kwanza.

Rais huyo hakuwa tajiri, wala hakuwa wakili. Alikuwa mchezaji, na alichaguliwa kwa sababu jina lake pekee lilitosha kuwafanya Wamarekani wafunue kurasa za magazeti kutazama kulikoni. Alikuwa Jim Thorpe.

Muungano huo ulibadilishwa jina mwaka wa 1922 ukaitwa NFL. Leo hii una timu 32 na ni miongoni mwa ligi zenye utajiri mkubwa zaidi duniani. Ndiyo ligi ambayo Mkenya Daniel Adongo aliingia mwaka wa 2013 akitoka katika raga, akaichezea Indianapolis Colts.

Lakini wakati alipokabidhiwa uongozi huo, Thorpe alikuwa tayari amevuliwa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Miaka saba kabla ya hapo, medali zake mbili za dhahabu za Olimpiki zilikuwa zimetwaliwa na jina lake kufutwa katika vitabu vya kumbukumbu. Isitoshe, alizaliwa katika jamii ambayo baadhi ya watu wake, hata mwaka huo wa 1920, hawakuhesabiwa kuwa raia katika nchi ya mababu zao.

Mapacha wawili

Jim Thorpe alizaliwa karibu na mji wa Prague, katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa jimbo la Oklahoma. Kumbukumbu zinatofautiana kuhusu siku yenyewe. Wengi hutaja Mei 22, 1887, ilhali wengine hutaja Mei 28, 1888. Wakati huo eneo hilo lilikuwa limetengewa wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, baada ya makabila mengi kufurushwa kutoka ardhi zao na kusukumwa magharibi.

Babake, Hiram, alikuwa wa kabila la Sac and Fox. Mamake, Charlotte, alikuwa na damu ya Wapotawatomi na ya Wafaransa. Mtoto huyo alipewa jina la kikwao, Wa-Tho-Huk, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa njia yenye mwanga.

Hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na ndugu pacha aliyeitwa Charlie, na wawili hao walikua wakiwinda, wakivua samaki na kufukuza farasi wa babao. Walipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, maradhi yalimchukua Charlie. Tangu siku hiyo, Jim hakutulia tena shuleni. Alitoroka mara kwa mara na kurejea nyumbani kwa miguu, hadi babake akaamua kumpeleka Haskell katika jimbo la Kansas, mbali kiasi cha kutoweza kurudi kwa urahisi.

Mauti hayakuikomea familia hiyo hapo. Mamake aliaga dunia Jim akiwa bado mvulana. Baadaye babake naye akafariki, na kijana huyo akabaki yatima kabla ya kutimiza umri wa miaka 20.

Shule ya kijeshi

Mnamo 1904, Thorpe alipelekwa katika shule ya Carlisle, jimbo la Pennsylvania. Shule hiyo ilianzishwa mwaka wa 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, katika majengo yaliyokuwa kambi ya wanajeshi. Nia yake ilikuwa kuwafuta watoto wa wenyeji asilia utamaduni wao na kuwageuza wawe kama Wazungu.

Mtoto alipowasili Carlisle alinyolewa nywele, akavuliwa mavazi ya kwao na kuvishwa sare. Alikatazwa kuzungumza lugha ya mamake. Wengi walibadilishwa majina. Siku yao iligawanywa kati ya masomo, gwaride na kazi za mikono, na baadhi walitumwa kufanya vibarua katika mashamba ya Wazungu. Watoto wengi waliugua na kufia huko, na makaburi yao yangalipo hadi leo.

Ni katika shule hiyo ndipo kipawa cha Thorpe kilipogunduliwa. Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka wa 1907 alipita uwanjani akiwa amevaa nguo za kazi, akawakuta wanariadha wa shule wakihangaika na mtambo wa kuruka juu. Aliomba kujaribu. Akauvuka bila shida yoyote, kisha akaenda zake. Kesho yake aliitwa na kocha wa shule, Glenn Warner, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Pop.

Warner alimtaka Thorpe kwa riadha tu. Alihofia kwamba kandanda ya Kimarekani ingemvunja mifupa mwanariadha wake bora. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mchezo huo, uliotokana na raga, ulikuwa wa kikatili kupindukia. Mnamo 1905, vifo vya wachezaji vilikithiri kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa mchezo kutoka vyuo vya Harvard, Yale na Princeton katika ikulu ya White House na kuwataka wautakase. Mwaka uliofuata, sheria zilibadilishwa na wachezaji wakaruhusiwa kurusha mpira mbele kwa mkono. Hatua hiyo ndiyo iliyoutenga kabisa mchezo huo na raga.

Thorpe hakukubali kuachwa nje. Alimsumbua kocha hadi akapewa mpira mazoezini, akaambiwa apite katikati ya walinzi ili wapate mazoezi ya kumwangusha. Aliwapita wote. Akarudia, akawapita tena. Tangu siku hiyo Warner hakuwa na hoja.

Harvard na West Point

Vijana wa Carlisle walikuwa wachache na wepesi wa maungo wakilinganishwa na wapinzani wao kutoka vyuo vikubwa. Kwa hivyo Warner aliwafundisha kutegemea kasi, pasi za mbele na hila. Timu hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuifanya pasi ya mbele kuwa silaha halisi badala ya mzaha.

Mnamo Novemba 11, 1911, Carlisle ilizuru Harvard, mojawapo ya timu zilizoogopwa zaidi nchini humo. Thorpe alicheza akiwa na jeraha mguuni. Hata hivyo, alipiga mikwaju minne iliyopita katikati ya milingoti, kila mmoja ukiwa na thamani ya alama tatu. Carlisle ikashinda 18-15. Matokeo hayo yalitikisa nchi nzima, na hapo ndipo jina la Thorpe lilipoanza kutajwa na watu wasiowahi kufika Pennsylvania. Msimu huo Carlisle ilishinda mechi 11 na kupoteza moja tu.

Mwaka wa 1912 ulileta mageuzi mengine. Uwanja ulifupishwa ukawa wa yadi 100. Timu iliyoshika mpira ilipewa majaribio manne badala ya matatu ya kusonga mbele yadi kumi. Aidha, kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho, yaani tachidauni, kukawa na thamani ya alama sita badala ya tano. Mchezo unaotazamwa leo kwenye runinga ulipata umbo lake la msingi mwaka huo, na Thorpe ndiye aliyekuwa nyota wake. Alifunga zaidi ya tachidauni 20 katika msimu mmoja.

Mechi iliyobeba uzito wa pekee ilichezwa Novemba 9, 1912, dhidi ya wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Kwa upande mmoja walikuwapo vijana waliojiandaa kuwa maafisa wa jeshi la Marekani. Kwa upande wa pili walikuwapo wana na wajukuu wa watu waliopigana na jeshi hilo hilo na kushindwa. Carlisle ilishinda 27-6.

Miongoni mwa wachezaji wa West Point waliopewa jukumu la kumzima Thorpe alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Dwight Eisenhower. Aliumia goti katika mechi hiyo, na haikuchukua muda kabla ya uchezaji wake kukatika kabisa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya washirika barani Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia na kuwa rais wa Marekani kuanzia 1953.

Siku za Stockholm

Kati ya misimu hiyo miwili ya kandanda, Thorpe alisafiri kwa meli hadi Sweden kushiriki Olimpiki za 1912 jijini Stockholm. Alisafiri pamoja na mwenzake wa Carlisle, Louis Tewanima wa kabila la Hopi, ambaye alinyakua medali ya fedha katika mbio za mita 10,000.

Thorpe alijiandikisha katika mashindano mawili mapya yaliyomtaka mwanariadha aweze kila kitu. La kwanza lilikuwa pentathloni, yenye fani tano: kuruka mbali, kurusha mkuki, mbio za mita 200, kurusha kisahani na mbio za mita 1,500. Alishinda fani nne kati ya hizo tano. Ni mkuki pekee uliomshinda, naye hakuwa na uzoefu nao.

Siku chache baadaye ilifuata dekathloni, yenye fani kumi zilizoenezwa kwa siku tatu. Inasimuliwa kwamba viatu vyake vilipotea, akalazimika kuokota viatu viwili visivyolingana. Picha yake akiwa amevaa viatu hivyo ingalipo, mguu mmoja ukiwa na soksi nene kuliko mwingine ili kiatu kisipwaye.

Hakuna fani hata moja kati ya zile kumi ambapo alishika nafasi ya chini kuliko ya nne. Alimaliza na zaidi ya alama 8,400, rekodi ya dunia, na kumwacha Hugo Wieslander wa Sweden kwa zaidi ya alama 680. Katika michezo hiyo hiyo alimaliza wa nne katika kuruka juu na wa saba katika kuruka mbali.

Mfalme Gustav wa Tano wa Sweden alimkabidhi tuzo zake na, kwa mujibu wa masimulizi, akamwambia kwamba hakuna mwanariadha duniani wa kumfikia. Aliporudi nyumbani, jiji la New York lilimwandalia gwaride katika barabara ya Broadway. Kijana aliyekuwa akitoroka shule alishangaa kusikia maelfu ya watu wakiliita jina lake.

Dhambi ya besiboli

Furaha hiyo haikudumu hata mwaka. Mnamo Januari 1913, gazeti moja la jimbo la Massachusetts lilifichua kwamba Thorpe alikuwa amelipwa kucheza besiboli katika ligi ndogo ya North Carolina mnamo 1909 na 1910.

Habari hizo zilikuwa za kweli. Katika likizo hizo, Thorpe aliondoka Carlisle na kwenda kuichezea timu ya Rocky Mount kwa ujira mdogo wa kujikimu. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wenzake walitumia majina bandia, ilhali yeye alicheza kwa jina lake halisi bila kujua kwamba alikuwa akijichimbia shimo.

Wakati huo Olimpiki zilikuwa za wanamichezo wa ridhaa pekee, yaani wasiolipwa chochote. Kanuni hiyo ilitungwa na matabaka ya wenye nafasi barani Ulaya na Marekani, watu ambao hawakuwa na haja ya kutafuta mkate kwa jasho la michezo. Kwa maskini, ilikuwa kufuli mlangoni.

Thorpe hakukana. Aliliandikia shirikisho la wanamichezo wa ridhaa nchini Marekani, AAU, akakiri kila kitu na kueleza kwamba alikuwa mwanafunzi tu asiyejua sheria na kwamba hakucheza kwa tamaa ya pesa bali kwa mapenzi ya mchezo. Hakusamehewa. AAU ilimvua hadhi yake ya ridhaa, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikatwaa medali zake pamoja na tuzo alizopewa kwa niaba ya mfalme wa Sweden na Czar Nicholas wa Pili wa Urusi. Ushindi ukapewa Wieslander katika dekathloni na Ferdinand Bie wa Norway katika pentathloni.

Wakuu wa Carlisle walisema hawakujua lolote. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Warner alijua na akanyamaza ili kujinusuru.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja wakati huo. Kanuni za michezo ya Stockholm zilitaka malalamiko yoyote kuhusu ustahiki wa mshindani yawasilishwe kabla ya siku 30 kupita baada ya michezo. Malalamiko dhidi ya Thorpe yalikuja baada ya takriban miezi sita. Kwa sheria zao wenyewe, waliompokonya hawakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Ukweli huo ulikaa kimya katika makabati kwa takriban miaka 70.

Kutoka Cairo hadi Canton

Baada ya kufungiwa mlango wa ridhaa, Thorpe aliingia ule wa kulipwa. Mnamo 1913, alitia saini mkataba na timu ya besiboli ya New York Giants. Msimu ulipokwisha alioa mpenzi wake wa Carlisle, Iva Miller, na fungate yao ikawa ziara ya kuzunguka dunia pamoja na timu za Giants na Chicago White Sox. Ziara hiyo iliwafikisha hadi Misri, ambako walicheza besiboli jijini Cairo mwanzoni mwa 1914, kisha wakaelekea Ulaya na kucheza London mbele ya Mfalme George wa Tano.

Alicheza besiboli ya ngazi ya juu kwa misimu sita kati ya 1913 na 1919, lakini huko hakuwahi kuwa nyota. Moyo wake ulibaki katika kandanda.

Katika zama hizo kandanda ya kulipwa ilidharauliwa. Heshima yote ilikuwa ya vyuo. Timu za kulipwa zilitoka katika miji midogo ya viwanda ya Ohio na majimbo jirani, wachezaji wakihama kila wiki kumfuata mwenye kulipa zaidi. Mnamo 1915, timu ya Canton Bulldogs ilimwahidi Thorpe dola 250 kwa kila mechi. Wengi walidhani mwenye timu amepagawa. Lakini timu iliyozoea mashabiki elfu moja hivi ilijikuta ikitazamwa na maelfu, hasa ilipokutana na mahasimu wake wa Massillon. Ikiwa na Thorpe, Canton ilitambuliwa kuwa bingwa mnamo 1916, 1917 na 1919.

Katikati ya mafanikio hayo msiba ulibisha hodi tena. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, aliyebeba jina lake, aliugua na kufariki akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Waliomjua walisema Thorpe hakuwahi kupona jeraha hilo. Unywaji pombe wake uliongezeka, na ndoa ikaanza kuyumba.

Rais na mchezaji

Uongozi wa Thorpe katika ligi mpya ulidumu mwaka mmoja tu. Hakuwa mtu wa mafaili na mikutano, na mnamo 1921 nafasi hiyo ilichukuliwa na Joe Carr, aliyekuwa msimamizi hodari zaidi. Lakini bila mvuto wa jina la Thorpe, huenda umma usingeiamini ligi hiyo tangu mwanzo.

Ligi ya mwaka huo wa kwanza ilikuwa na timu 14. Bingwa wake alikuwa Akron Pros, iliyokuwa na Fritz Pollard, mmoja wa wachezaji wawili wa kwanza weusi katika ligi hiyo. Mwaka uliofuata, Pollard akawa pia kocha wa kwanza mweusi. Kwa hivyo katika siku zake za mwanzo ligi hiyo iliongozwa na mwenyeji asilia na kutawazwa bingwa kwa miguu ya Mwamerika mweusi. Hali hiyo haikudumu. Kuanzia 1934, wachezaji weusi walifungiwa nje, na hawakurejea hadi 1946.

Mnamo 1922 na 1923, Thorpe aliongoza timu ya ajabu iliyoitwa Oorang Indians katika kijiji cha LaRue, Ohio. Wachezaji wake wote walikuwa wenyeji asilia. Mmiliki wake, Walter Lingo, alikuwa mfugaji wa mbwa na aliiunda timu hiyo kutangaza biashara yake. Wakati wa mapumziko wachezaji walitakiwa kucheza ngoma za kikabila na kuonyesha ustadi wa mbwa hao kwa mashabiki. Watu waliofundishwa kwa viboko kusahau utamaduni wao sasa walilipwa kuuigiza kama kichekesho. Timu hiyo ilishinda mechi chache na kuvunjika baada ya misimu miwili.

Thorpe aliendelea kucheza kwa timu mbalimbali hadi 1928, alipoichezea Chicago Cardinals mechi yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka 41. Timu yake ilichapwa 34-0 na Chicago Bears. Miguu iliyowapita Harvard na West Point ilikuwa imechoka.

Ukata

Mwaka mmoja baadaye, uchumi wa Marekani uliporomoka. Thorpe hakuwa na akiba, hakuwa na taaluma, na alikuwa na familia kubwa. Alioa mara tatu na kupata watoto wanane katika ndoa zake mbili za kwanza.

Alihamia California na kufanya kila kazi iliyopatikana. Alichimba mitaro. Alikuwa bawabu na mlinzi. Aliigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu, mara nyingi kama chifu asiye na jina. Mnamo 1931, aliuza haki za hadithi ya maisha yake kwa kampuni ya filamu kwa dola 1,500. Filamu hiyo ilipotoka hatimaye mnamo 1951, ikiwa na mwigizaji maarufu Burt Lancaster, fedha zilizoingia hazikumfaidi.

Olimpiki zilipofanyika Los Angeles mwaka wa 1932, Thorpe hakuwa na pesa za tiketi. Habari hizo zilipochapishwa, makamu wa rais Charles Curtis, ambaye naye alikuwa na damu ya wenyeji asilia, alimwalika aketi naye katika jukwaa la wageni mashuhuri. Alipotambulishwa, uwanja mzima ulisimama kumshangilia.

Mnamo 1950, waandishi na watangazaji wa michezo waliopigishwa kura na shirika la habari la Associated Press walimtaja kuwa mwanakandanda bora wa nusu ya kwanza ya karne na pia mwanamichezo bora wa kipindi hicho, akiwashinda magwiji kama Babe Ruth. Karibu na wakati huo aligunduliwa kuwa na saratani ya mdomo, na akatibiwa kwa hisani kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipa.

Alifariki Machi 28, 1953, kutokana na mshtuko wa moyo akiwa katika nyumba ya kukokotwa na gari aliyoishi mjini Lomita, California.

Mwili wenye bei

Hata kifo hakikumpa utulivu. Watu wa kabila lake walianza kumfanyia matanga ya kimila huko Oklahoma, lakini mjane wake, Patricia, alikatiza shughuli hiyo na kuuondoa mwili. Jimbo lilikuwa limekataa kugharimia mnara wa kumbukumbu aliotaka.

Patricia alisikia kuhusu miji miwili maskini ya machimbo ya makaa ya mawe huko Pennsylvania, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, iliyokuwa ikitafuta namna ya kujinasua kiuchumi. Makubaliano yalifikiwa: miji hiyo iungane, ibadilishe jina iitwe Jim Thorpe, nayo ipewe mwili. Mnamo 1954 jambo hilo likatekelezwa. Thorpe akazikwa mahali ambapo hakujawahi kuwa kwao.

Wanawe waliobaki hawakuridhika. Mnamo 2010, walienda mahakamani wakitegemea sheria ya 1990 inayolinda mabaki ya wenyeji asilia, wakidai babao arudishwe azikwe Oklahoma pamoja na jamaa zake. Walishinda mnamo 2013, lakini mahakama ya rufaa ikabatilisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Mnamo 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi. Kaburi lingali Pennsylvania.

Haki iliyochelewa

Vita vya kurejesha medali vilichukua muda mrefu vilevile. Kizuizi kikuu kilikuwa Avery Brundage, Mmarekani aliyeiongoza IOC kuanzia 1952 hadi 1972 na mtetezi mkali wa kanuni ya ridhaa. Brundage alikuwa ameshiriki pentathloni na dekathloni za 1912 na kubwagwa na Thorpe katika zote mbili.

Baada ya Brundage kuondoka, mambo yalianza kulegea. AAU ilimrejeshea Thorpe hadhi ya ridhaa mnamo 1973. Kisha mwandishi Robert Wheeler na mkewe, Florence Ridlon, wakaifukua kanuni ile ya siku 30 na kuiweka mezani. IOC haikuwa na jibu. Mnamo Oktoba 1982, iliamua kumrejeshea ushindi wake, na Januari 1983 watoto wake wakakabidhiwa nakala za medali. Medali zenyewe zilikuwa zimeibwa kutoka majumba ya makumbusho zamani na hazikupatikana.

Hata hivyo, haki hiyo ilikuwa nusu. IOC ilimtaja Thorpe kuwa mshindi wa pamoja na Wieslander na Bie, kana kwamba pengo la zaidi ya alama 680 lilikuwa sare. Kufikia wakati huo kanuni ya ridhaa yenyewe ilikuwa inayeyuka. Mnamo 1992, wachezaji mamilionea wa ligi ya vikapu ya NBA walishiriki Olimpiki za Barcelona bila mtu kuuliza malipo yao.

Ilibidi kungoja hadi Julai 15, 2022. Siku hiyo, miaka 110 tangu kumalizika kwa dekathloni ya Stockholm, IOC ilimtangaza Thorpe kuwa mshindi wa pekee wa mashindano yote mawili. Kamati ya Olimpiki ya Sweden na jamaa za Wieslander hawakupinga. Walieleza kwamba Wieslander mwenyewe hakuwahi kuikubali dhahabu hiyo kuwa yake. Norway nayo haikuweka pingamizi. Mnamo Mei 2024, serikali ya Marekani ikamtunuku Thorpe nishani ya uhuru ya rais, ambayo ni ya juu kabisa kwa raia.

Mjini Canton, si mbali na lilipokuwa duka lile la magari, limejengwa jumba la heshima la kandanda ya kulipwa. Lilifunguliwa mwaka wa 1963, na Thorpe alikuwa katika kundi la kwanza la wachezaji na viongozi 17 walioenziwa humo. Mgeni anapoingia, kitu cha kwanza kumlaki ni sanamu yake, akikimbia na mpira.

Watoto wake wengi walifariki kabla ya uamuzi wa 2022 kutolewa. Jina la babao limerudi mahali pake katika vitabu vya Olimpiki, likiwa peke yake kwenye mstari wa mshindi. Mwili wake bado haujarudi kwao.